Zimwi la Mguu Mmoja na Mvule Ulioanguka

Hapo zamani, na mwaka msiniulize maana sikuwa nimezaliwa, palikuwa na msitu wa kaya, msitu wa mababu, ambao hakuna aliyethubutu kuutia shoka. Msidhani ni heshima. Ni woga tu.

Woga wenyewe aliuleta Tsuma, mlevi. Alificha mtungi wa tembo humo ili mkewe, Nyevu, asiumwage, kisha akatangaza kijijini: "Jamani, mle mna zimwi la mguu mmoja! Linakula wenye mashoka!"

Siku moja Nyevu alimfuata, akamkuta anakoroma kando ya mtungi. Angemuumbua. Lakini nyumbani kulivyotulia tangu ulevi uhamie msituni, lo! Wachoma mkaa walipokuja kumuuliza, aliapa: "Unyayo wake nimeuona kwa macho yangu haya. Mmoja tu." Wakageuza njia.

Na Chengo, mwizi, alificha mbuzi wa watu mlemle. Akisikia mtu anakaribia, hunguruma mpaka mtu huyo ajute kuzaliwa.

Miaka ikapita. Vilima vya jirani vikabaki vipara, chemchemi zikakauka. Ya msitu ule tu ndiyo iliyotoa maji. Kisha upepo ukaangusha mvule mkubwa. Wazee wakasema, "Mti huu atapewa aliyeuokoa msitu."

Nyevu aliutaka mti ule kwa roho yake yote. Paa lake lilikuwa limeoza. Mvua ikinyesha, hulala na sufuria kifuani. Akaenda kwa wazee. Akamkuta mumewe. Akamkuta na Chengo.

"Bila uongo wangu, woga ungetoka wapi?" akasema Tsuma.

"Uongo bila sauti ni porojo," akasema Chengo. "Aliyenguruma ni mimi!"

"Nyamazeni!" akasema Nyevu. "Neno langu moja tu, msitu ungekuwa mkaa. Nimelimeza miaka yote, na mnajua ninavyopenda kusema!"

Wazee wakatumbua macho. "Kumbe zimwi hakuna? Na kuku wa kulituliza tuliowapeleka kila masika?"

"Walikuwa watamu, wazee wangu," akasema Chengo. "Chumvi tu ilipungua."

Mzee Kombe, mkubwa wao, akashika kichwa. "Balaa! Tukimpa mmoja, watu watauliza kafanya nini. Tukiwaambia, kesho mashoka yanaingia."

Nyevu akafikiria paa lake. Akafikiria chemchemi. Roho ikamuuma kwelikweli. Tone la mvua likamdondokea puani.

"Basi amueni upesi," akasema. "Kitanda changu kinalowa."

Haya, nanyi mnaotafuna mihogo yangu bure: je, nani alistahili mvule ule? Na ukishamtaja, wenye mashoka utawaambia nini?