Bibi Rababu na Ujira wa Chini ya Kitambaa

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Iraki aliishi mtia rangi vitambaa aitwaye Hatimu, pamoja na mkewe Bibi Rababu na binti zao watatu. Hatimu alikuwa akichovya nguo kwenye mapipa ya nili tangu ujana wake, hata mikono ikawa ya buluu isiyotoka. Bibi Rababu alisokota nyuzi. Kwa miaka kumi na moja walipanga chumba kimoja nyuma ya karakana, wakajinyima mpaka wakapata akiba ya dirhamu mia tatu. Bibi yule alikuwa na haja moja tu: binti zake wapate nyumba ya kwao kabla kifua cha mumewe hakijamshinda. Maana Hatimu alikuwa akikohoa, na kikohozi chenyewe kilikuwa na damu.

Nyumba ikapatikana. Ilikuwa ya Sheikh Qudama, mzee aliyetaka kuhamia kwa mwanawe. Dalali wake alikuwa Shuraihi, mtu wa safu ya kwanza msikitini, mwenye ulimi wa asali. Na desturi ya madalali wa mji ule ilikuwa bei haitamkwi. Dalali hutandaza kitambaa juu ya mkono wake na wa mteja, kisha humbinya vidole huko chini, kila kidole dirhamu mia. Humfanyia hivyo mnunuzi, humfanyia hivyo muuzaji, na hao wawili hawakutani mpaka siku ya kuandikiana. Ati ni adabu, watu wasioneane haya kwa mambo ya fedha. Adabu gani hiyo, mimi sijui.

Hatimu akabinywa vidole vitano, kisha vinne: mia tisa. Mia tatu atoe sasa, zilizobaki alipe kwa miaka sita, na nyumba ikae rehani mpaka deni liishe. Shuraihi akamwongezea na la pili. Watia rangi walikuwa na sanduku lao la kusaidiana, ambalo Hatimu hakuwahi kujiunga nalo kwa kubana akiba. Kila mmoja hutia dirhamu mbili kwa mwezi, na anayefariki akiwa na deni la nyumba, sanduku humlipia ili mayatima wasitolewe nje. "Nitakuingiza mimi mwenyewe," akasema Shuraihi. "Kiingilio ni hamsini tu."

Hatimu akarudi nyumbani amefurahi. Mkewe akamsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na ujira wa dalali ni kiasi gani?"

"Umo ndani."

"Ndani ya nini?"

Hatimu akakuna kichwa. "Ndani ya bei, nadhani. Mke wangu, huko hatuulizi. Ndivyo wafanyavyo watu wote."

"Watu wote hawatalipa deni hili," akasema Bibi Rababu. "Tutalilipa mimi na wewe."

Asubuhi akajifunga kibwebwe, akajitanda ushungi, akaenda kubisha hodi kwa Sheikh Qudama. Alisimama mlangoni kwa heshima, akamwambia, "Sheikh wangu, niwie radhi kwa swali lisilo na desturi. Ulibinywa vidole vingapi?"

Mzee akashangaa, lakini alikuwa mcha Mungu, hakupenda kumficha mwenye haki. "Vitano, kisha vitatu," akajibu. "Mia nane. Na katika hizo Shuraihi nitampa ishirini, ujira tuliokubaliana."

Basi ukweli ukadhihiri. Dirhamu mia nzima ilikuwa imelala chini ya kitambaa, haijulikani kwa muuzaji wala mnunuzi, na dalali ana ujira wake kando.

Bibi Rababu hakuishia hapo. Akaenda kwa msimamizi wa sanduku, mtia rangi mkongwe aitwaye Mzee Maimuni, naye akamwambia kiingilio ni ishirini, si hamsini. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na sharti ni afya, bibi. Shuraihi ametushuhudia kwamba mumeo ni mzima wa kifua."

Bibi Rababu akashukuru. Akaaga, akatoka. Alikuja kuufuata uongo wa dalali, kumbe na wa nyumbani kwake umo humo humo! Wapo waliosema wangekuwa wao wangelinyamazia la pili na kulishika la kwanza. Ah, wengi wetu tungefanya hivyo hivyo, tusidanganyane.

Akamkuta Shuraihi sokoni, akamweleza alichokigundua bila kuinua sauti. Dalali hakukana. Alitabasamu, akasema, "Dada yangu, una akili. Basi nakuachia hiyo mia na zile thelathini za kiingilio, nyumba chukua kwa mia nane. Nawe usiwaambie wengine. Ukikataa, ukataka kila kitu kiwekwe wazi, basi tuweke wazi na kikohozi cha mumeo. Sanduku litamkataa. Akifa, deni litakuangukia wewe, na ukishindwa, rehani itarudi kwa mwenyewe. Utawapeleka wapi wale mabinti?"

Maneno yale yalimchoma, kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Alirudi nyumbani, akamwambia mumewe yote, na machozi yakimtoka.

"Nikikohoa karakanani hugeukia ukutani," akasema Hatimu. "Nawaficha wenzangu, watu niliokula nao chumvi miaka ishirini. Naogopa kufa, Rababu, lakini naogopa zaidi kufa nikiwa nimewaibia."

"Basi twende tukaseme."

"Na wanangu?"

"Wana Mola wao, na mimi nina mikono miwili. Mficha maradhi kifo humuumbua. Twende."

Wakaenda karakanani baada ya sala ya alasiri, watia rangi wote wakiwapo. Hatimu akataka kusema, kikohozi kikamkata, ikabidi mkewe aseme. Akataja dirhamu mia ya chini ya kitambaa na thelathini zilizopachikwa kwenye kiingilio. Kisha akapiga moyo konde: "Na mume wangu ni mgonjwa. Anakohoa damu. Aliyewaambia ni mzima amewaambia uongo, nasi tungenyamaza, tungekuwa washirika wake."

Mzee Maimuni akainamisha kichwa. "Kikohozi hicho tumekisikia mwaka wa pili sasa," akasema. "Tulikuwa twangoja kukisikia vinywani mwenu."

Kijana mmoja mwenye watoto wachanga akasema, tena kwa haki, kwamba sanduku ni la mayatima wa watu wote, halifai kumalizwa na deni la mmoja. Wakashauriana hadi jua likakaribia kuchwa. Mwisho wakakubaliana kwamba, kwa kuwa mgonjwa amejitaja mwenyewe, sanduku litabeba nusu ya deni lake. Nusu nyingine haliwezi. Mikono yote ya buluu ikainuka, hata ya yule kijana.

Sheikh Qudama akaandikiana nao kwa mia nane, mbele ya mashahidi, bei ikitamkwa kwa kinywa. Shuraihi akapewa ishirini zake hadharani, akazipokea ameinama, na tangu siku ile kila mteja alimtaka aondoe kitambaa. Hatimu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alilala ndani ya nyumba ile miezi minne, kisha akafariki. Sanduku likatimiza ahadi yake. Bibi Rababu akasokota nyuzi miaka mitano, vidole vikampinda, mpaka dirhamu ya mwisho ya nusu yake ikatoka na rehani ikafunguliwa.

Siku hiyo binti yake mkubwa alimshika vile vidole, akalia. "Mama, ungenyamaza tu siku ile, sanduku lingelipa lote. Usingepata taabu hii."

Bibi Rababu akamjibu, "Mwanangu, nyumba yenyewe ina vyumba viwili. Ule uongo tungeulaza wapi?"

Basi ndugu zangu katika imani, anayekushikia jambo la nyumba yako au la mayatima wako, muulize ujira wake, na muulize umetoka kwa nani. Usione haya, haya ya saa moja ni nyepesi kuliko deni la miaka sita. Lakini ukishauliza, kaa tayari na wewe kuulizwa. Mwenyezi Mungu atujaalie jibu.