Jina Moja kwa Utafiti wa Igangilo

Tegeni masikio, na kila mmoja azuie hukumu yake kwanza, maana kesi hii bado iko mezani.

Dokta Sekela Mwambene alifundisha mbinu za utafiti kwa wanafunzi wa siasa wa mwaka wa pili chuoni. Miaka sita alisomesha kwa kitabu: wakakariri, wakafaulu, wakasahau. Mwaka wa saba akakifunga kitabu.

"Tokeni nje," aliwaambia. "Kila kundi litafute swali lake na mtaa wake. Mkikosea, nitawarudisha."

Kundi moja lilikuwa na watu watatu. Tumsifu alikuwa mdadisi, hakubali neno kwa sababu tu limesemwa na mkubwa. Ng'washi alijaliwa sikio. Watu walimwambia wasiyomwambia mwingine. Haidari alikuwa fundi wa hesabu. Walichagua mtaa wa Igangilo, ambako mikutano ya mtaa ilijaa wanaume, na wanawake hawakuzidi tisa.

"Wanawake wa hapa hawapendi siasa," mwenyekiti wa mtaa aliwaambia. "Andikeni hivyo, mmalize."

Jumamosi asubuhi na mapema wakagawana nyumba mia moja na ishirini, kila mmoja na hojaji zake, akiongozwa na mjumbe wa serikali ya mtaa. Majibu yakaja kama alivyosema mwenyekiti: wengi hawapendi siasa. Ng'washi na Haidari wakataka kuandika ripoti. Tumsifu akakataa.

"Wanawake hawa hawa walipanga foleni tangu alfajiri siku ya kura," alisema. "Asiyependa siasa hufanya hivyo? Swali letu ndilo bovu. Tuulize: saa ya mkutano, wao huwa wapi?"

Dokta Sekela alipolisikia swali hilo, moyo wake ulifurahi. Miaka sita alikuwa amelingoja swali kama hilo darasani.

Lakini Tumsifu alipokwenda kuliuliza, wanawake waliitazama kalamu yake wakanyamaza. Ndipo Ng'washi alipoacha karatasi bwenini, akachukua ndoo na kupanga foleni bombani Jumamosi tatu mfululizo. Alibeba maji ya wenzake, akasikiliza. Jumamosi ya tatu mama mmoja, Bi Tusekile, akamwambia, "Hamu ya mkutano ninayo, mwanangu. Maji hutoka Jumamosi tu, saa tatu, yanakatika saa sita. Mkutano ni Jumamosi saa nne. Nichague nini? Na mlipokuja na mjumbe, mbele yake ningesema nini?"

Wanawake saba wakamwambia vivyo hivyo. Ng'washi akarudi akiruka kwa furaha. "Tumemaliza!"

"Hatujamaliza," Haidari alisema. "Sauti saba si mtaa."

Akazirudia nyumba zote mia moja na ishirini peke yake, jioni baada ya vipindi, bila mjumbe. Ilimchukua wiki mbili. Katika nyumba themanini na nane, jibu lilikuwa maji. Kisha akaenda ofisini kwa Dokta Sekela, akafunga mlango.

"Mwalimu, zile hojaji za kwanza, kumi na nane nilizijaza mwenyewe. Saa tatu ilikuwa imepita, nikakuta milango imefungwa, nikabuni majibu. Sasa nimewapata wenyewe. Wote kumi na nane, Jumamosi ile walikuwa bombani."

Dokta Sekela alizifungua hojaji zile, zote zilionekana sawa. Hakuna ambaye angejua. "Kawaambie wenzako," alisema hatimaye, "na uiandike kwenye ripoti." Haidari akafanya hivyo, kwa aibu kubwa.

Ripoti ikasomwa Igangilo. Mwenyekiti alikuna kichwa, akahamishia mkutano Jumapili saa kumi. Wanawake themanini na watatu walikuja, na hoja yao ya kwanza ikawa ratiba ya maji.

Habari ikamfikia mkuu wa idara, akamwandikia Dokta Sekela: mwanafunzi mmoja wa kundi lile amsaidie kufundisha somo hilo mwakani, na akimaliza shahada apewe ajira. Jina moja tu.

Akawaita wote watatu.

"Bila swali langu," Tumsifu alisema, "tungechapisha maneno ya mwenyekiti."

"Swali lako lilikaa daftarini mpaka niliposhika ndoo," Ng'washi akajibu. "Na nisingesikiliza, Haidari angehesabu nini?"

Haidari alitazama chini. "Mimi nilidanganya, sikatai. Lakini bila hesabu yangu, mwenyekiti angeuita umbea wa bombani."

Dokta Sekela aliwaruhusu waondoke, akabaki na barua. Aliyeuliza hakupata jibu. Aliyepata jibu alitaka kuishia njiani. Aliyethibitisha alighushi kwanza, kisha akaungama bila kushikwa. Ukimtoa mmoja, wanawake wa Igangilo wangekuwa bado wanaambiwa hawapendi siasa.

Jibu la barua linatakiwa kesho asubuhi, na nafasi ya jina bado ni tupu. Nyinyi mliosikia yote, semeni kila mmoja: kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?