Kiti Kimoja cha Kipanga

Hapo zamani, si zamani ya kale bali ile ambayo wenye mvi wa Moshi bado wanaikumbuka, palikuwa na gari jekundu lililoitwa Kipanga. Halikuwa gari la tajiri, wala halikuwa gari la mnyonge. Daktari aliweza kulinunua akijibana, na mwenye shamba la kahawa aliweza kulinunua msimu ukimnyookea. Lilikuwa na milango miwili, pua fupi, na mlio ambao watu waliutambua kabla halijakata kona.

Kipanga hilo lilikuwa na watu wake watatu. Harjit Singh alishika usukani. Mhina, fundi kutoka Korogwe, alishika spana. Na Ndeshi, binti wa mwalimu wa Marangu, alikaa kiti cha kushoto, ramani mapajani, akiitaja kila kona kabla macho hayajaiona.

"Kulia, kali. Daraja. Sasa nyoosha."

Harjit akapinda kulia, akavuka daraja, akanyoosha. Hakuwahi kumwuliza mara mbili.

Walikimbia barabara za vumbi, wakashinda na wakashindwa. Kisha wenye mashindano wakajenga uwanja wa mzunguko, pale palipokuwa kiwanja cha ndege cha shamba la mkonge. Mzunguko hauhitaji ramani, maana kona ni zilezile zinazorudi. Kipanga likaingia, likaachwa nyuma. Likaingia tena, likaachwa tena. Magari mengine yalikuwa mepesi.

Mhina akalivua. Akatoa zulia, akatoa redio, akatoa kiti cha nyuma. Bado zito. Akang'oa vioo, akatia plastiki. Bado zito. Mwisho akasimama akikitazama kiti cha kushoto. Ndeshi ndiye aliyesema.

"Kitoe, Mhina."

"Ni kiti chako, dada."

"Najua ni cha nani. Kitoe."

Siku ya mbio Ndeshi alikiweka kiti kile kwenye nyasi kando ya uwanja, akakikalia, akalitazama gari likipita bila yeye. Kila lilipokaribia kona, midomo yake ilicheza: kulia, kali, nyoosha. Kipanga lilishinda. Ndeshi alipiga makofi pamoja na watu wote, kisha akaenda nyuma ya banda la mafuta akalia peke yake.

Habari zilifika ng'ambo, kwenye kiwanda kilichotengeneza Kipanga. Wahandisi wakaja, wakalipima gari lile, wakalipiga picha, wakamhoji Mhina kutwa nzima, wakaondoka.

Kisha zikaja mbio za mwisho. Harjit alikuwa mbele ya wote, utepe wa kumalizia anauona, gari la mpinzani wake lilipopinduka nyuma yake na kushika moto. Harjit akakanyaga breki. Akarudi mbio kwa miguu, akamtoa yule mtu, na mikono yake ikaungua hadi kwenye viwiko. Kombe likaenda kwa mwingine. Baada ya hapo hakushindana tena.

Watu watatu wakatawanyika. Harjit akahamia Mwanza, Mhina akarudi Korogwe, uwanja ukaota magugu, kiwanda kikaacha kutengeneza Kipanga. Gari lile likabaki kwa Ndeshi, ndani ya ghala la kahawa. Waliokuja kulitaka aliwakatalia. Jumapili akitoka kanisani alilifungulia mlango, akawasha injini, akaisikiliza kidogo, akaizima.

Miaka ikapita, nywele zikageuka rangi. Siku moja karani wa chama cha ushirika akamwonyesha Ndeshi picha kwenye simu. Kiwanda kilikuwa kimelirudisha jina la Kipanga, na sasa palikuwa na uvumi: kwamba wanatengeneza kwa siri Kipanga la uwanjani, lisilo na zulia, lisilo na redio. Picha ilionyesha gari lililobandikwa madoa meusi na meupe kama kanga porini, lisitambulike, na mgongoni lina bawa. Wengine walisema ni kweli, wengine walisema ni uzushi wa mitandaoni.

Ndeshi akampigia Harjit.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Mhina naye amenipigia."

"Unaamini?"

"Lisemwalo lipo, dada. Kama halipo, laja."

Likaja kweli. Wakala wa kiwanda, bwana mmoja mpole aitwaye Kileo, akawakutanisha watatu hao sebuleni kwa Ndeshi. Akawaambia kwamba la kwanza kufika nchini limeshapata mwenyewe, lakini mwenyewe ameridhia lizungushwe kwanza katika uwanja ule wa zamani, mzunguko mmoja tu, na mmoja wa watu wa Kipanga la kwanza.

"Lina kiti kimoja," alisema Kileo. "Chagueni wenyewe."

Harjit akasema, "Mimi sikumaliza. Mzunguko ule niliuacha kwa ajili ya roho ya mtu, na sijutii. Lakini tangu siku ile nauota. Niacheni niumalize."

Mhina akasema, "Wewe uliendesha, kaka. Mimi sikulikalia likiwa mbioni hata mara moja. Nililisikia likiondoka, nikangoja lirudi nione limevunjika nini. Gari hili jipya, walilitoa wapi wazo lake? Kwenye mikono yangu. Naomba nijue tu linavyokwenda."

Ndeshi alikuwa ameinama. Aliitazama mikono ya Harjit yenye makovu, moyo ukataka kukubali. Aliyatazama macho ya Mhina, ukataka kukubali tena. Halafu ukagoma.

"Kiti kilichotolewa kilikuwa changu," alisema. "Sikulazimishwa, nilikitoa mwenyewe ili nyinyi mshinde. Na mlipoondoka, mimi nilibaki na gari."

"Hatukukusahau, Ndeshi," akasema Harjit.

"Sikusema mlinisahau. Nasema nilibaki."

Na kati yao hakuna aliyesema uongo. Walikaa hadi jioni wakikumbushana vumbi la Same na matope ya Lushoto, wakacheka kama zamani, lakini uamuzi haukupatikana.

Siku ikafika. Magugu yalikuwa yamefyekwa, watu wamejaa. Kipanga jipya lilisimama mstarini, mlango wazi, injini ikinguruma. Kileo akawaendea wale wazee watatu, kofia ya mbio mkononi. Harjit akamtazama Mhina, Mhina akamtazama Ndeshi, Ndeshi akaitazama barabara.

Basi nanyi mliokaa hapa mkasikiliza, niambieni: yupo aliyeungua akiuacha ushindi, yupo aliyelibuni asilionje, yupo aliyetoa kiti chake akalitunza. Je, kofia ile mngemvisha nani?