Shebughe na Shoka la Zimwi

Haya, sogeeni, na aliye nyuma asikie. Zamani, katika milima ya Usambara, alikuwako mchonga miiko, jina lake Shebughe. Kijiji chake kilikula kwa kuchonga miiko na vinu vya miti iliyoanguka yenyewe. Mti uliosimama haukuguswa, maana ndio uliovuta mvua.

Mkewe akafa. Shebughe akamzika, akarudi kuchonga. Hakulia. Uji ukawa maji tu, jua likawa mwanga tu.

Siku ya kwanza likamtokea zimwi, limebeba shoka linalokata lenyewe likiamriwa na binadamu.

"Sema 'kata' tu, msitu wote ulale, uwe tajiri."

"Utajiri wa nini?" akajibu, akaendelea kuchonga.

Siku ya pili zimwi likapanua kinywa. "Sema, au nikumeze!"

"Nimeze basi."

Siku ya tatu, ndani ya mvule mkubwa, ikalia sauti ya marehemu. "Shebughe! Shebughe mume wangu! Nimefungwa humu. Sema 'kata' nitoke!"

Shebughe akaweka kiganja kwenye gome. Neno likamfika ulimini. Kisha akatikisa kichwa.

"Wewe si yeye. Mke wangu hakunitaja jina hata siku moja. Aliniita Baba Mbelwa."

Zimwi likapasuka kama boga, shoka likamezwa na ardhi, na msitu ukasalimika.

Shebughe akabaki peke yake chini ya mvule.

"Baba Mbelwa," akajiita taratibu. "Baba Mbelwa."

Mara ya tatu sauti ikamkatika, akalia.

Mzigo wangu nautua hapa, atakaye aubebe.