Vidole vya Nakunda

Kupunguzwa si kupungua. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia jirani yetu Mzee Chogo, nanyi mmekuja mbio kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Kaeni basi, na atakayenikatiza ataosha vyombo. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na mwanamke aitwaye Nakunda, mkaguzi katika kiwanda kimoja cha nguo. Kwa miaka kumi na tisa kila jora lilipita chini ya vidole vyake, na palipokatika uzi alipajua kabla jicho halijapaona. Kisha pamba ikaadimika, nusu ya mashine zikazimwa, na jina lake likabandikwa ukutani pamoja na ya wenzake: wafanyakazi waliopunguzwa.

Neno hilo lilimuuma kuliko njaa, na njaa yenyewe ilikuwapo. Wanawe watatu walikuwa wameanza kunywa uji mchana na kuuita chakula. Miezi mitano alizunguka kutafuta kazi, na kila alikobisha hodi aliulizwa: mbona wengine wamebaki, ukapunguzwa wewe? Shoga yake Tausi akamshauri, "Sema uliacha mwenyewe. Nani atajua?"

Siku moja akafika kwa Bwana Mloka, aliyekuwa na karakana ya kushona sare za shule. Mafundi walikuwa wametandaza kitambaa cheupe mezani, tabaka juu ya tabaka, mkasi tayari. Nakunda alipokuwa akisubiri, vidole vyake vikaanza kutembea juu ya kitambaa, kwa mazoea tu.

"Kazi ya zamani uliiacha mwenyewe, mama?" Bwana Mloka aliuliza.

Uongo ulimfika kwenye ncha ya ulimi. Aliwakumbuka wanawe, akakaribia kuutoa. Lakini vidole vilikuwa vimesimama.

"Hapana, baba. Nilipunguzwa. Na tafadhali msikate kwanza. Uzi umekatika hapa, na umekwenda na urefu wa jora."

Mkataji akacheka. "Mbona mimi sioni kitu?"

"Kiinueni kwenye mwanga."

Wakakiinua. Mstari mwembamba ulipita katikati, tabaka baada ya tabaka. Mashati arobaini yangechanika migongoni kabla muhula haujaisha.

Bwana Mloka alimtazama. "Mtu kama wewe wanampunguzaje?"

Nakunda akasimama wima. Nikifika hapa huwa natamani ningekuwapo nimwone mama yule.

"Kilichopungua ni pamba, baba. Mimi wamenipunguza, ila sijapungua."

Akaajiriwa papo hapo. Yule mkataji aliyecheka ndiye aliyeyaeneza maneno yake mji mzima, yakafupishwa midomoni mwa watu mpaka yakatufikia sisi.

Mzee Chogo alipewa barua yake kazini juzi, na tangu hapo anapita uchochoroni ili asikutane na mtu. Mkimwona, mfuateni huko huko mkampe shikamoo yake, kwa sauti ile ile ya siku zote. Kupunguzwa si kupungua.