Khatibu Aliyekuwa Babu wa Nafsi Yake

Sogeeni, na mwenye hukumu ulimini aishikilie mpaka nimalize.

Walikuwapo watu watatu wa ukoo mmoja, kila mmoja na alichojaliwa. Mwatima alijaliwa kuuliza: angekaa uani kwa watu tangu asubuhi, akimenya nao mihogo, hata atajiwe marehemu aliyekwisha kusahauliwa. Asaa alijaliwa akili ya kompyuta. Faki alijaliwa mkono: alichapa haraka wala hakosei herufi, naye alijua kwamba hakosei, na hapo ndipo shetani alipopata pa kukaa.

Bibi yao mkuu, Mize binti Ngwali, aliacha nyumba ya vyumba vinane huko Wete iwe wakfu: akae humo aliye wa kizazi chake tu. Ukoo ulipokua hata watu hawajuani, msimamizi, Maalim Mbarouk, akawaagiza watatu hao waandike orodha. Atakayefaa kuliko wenziwe angekabidhiwa kuitunza, pamoja na chumba cha mbele cha mtunzaji.

Mwatima akazunguka mwaka mzima na vikaratasi vyake. Faki akavichapa, kila mtu mstari mmoja: namba yake, jina lake, na namba ya mzazi wake. Mstari haukujua ukoo. Ulimjua mzazi wake tu. Asaa ndiye aliyetunga swali la kuiunganisha mistari: anza kwa Bi Mize, leta wanawe, kisha wana wa hao, endelea mpaka asibaki mtu.

Orodhani wakaja watu mia mbili na kumi na wawili. Riziki, mshona kofia wa chumba cha tano, hakuwamo.

"Maalim, kitovu changu kimezikwa uani hapa," alisema Riziki.

"Najua, mwanangu. Lakini orodha haikutaji. Nikikuacha wewe, kesho nitamzuia nani? Ijumaa baada ya sala, utoke."

Minong'ono ikaanza. Mwatima ni shoga wa Riziki. Alikuwa akimfichia nini mwaka mzima? Asaa peke yake ndiye aweza kubadili mstari na asiache alama. Na wa kwanza katika wanaongoja chumba alikuwa nani? Dada yake Faki. Hilo la mwisho Faki alilisikia akiwa msalani, na maji ya udhu yakampoa mikononi.

Asaa akaligeuza swali: safari hii lianzie kwa Riziki, lipande kwa mzazi, kwa mzazi wa mzazi, na likikutana na namba liliyokwisha kuipita, lisimame. Likapanda likafika kwa Khatibu Juma. Kutoka kwake likaenda kwa Juma. Kutoka kwa Juma likarudi kwa Khatibu yule yule.

"Kwa orodha hii," alisema Asaa, "Khatibu ni babu wa nafsi yake."

"Kompyuta imerogwa?"

"Haijarogwa, Maalim. Inaamini kila inachoambiwa."

"Na wa kuiambia ni nani?" Maalim akamgeukia Asaa.

Mwatima akatoa kikaratasi. Humo Khatibu Juma walikuwa wawili, babu na mjukuu. Mjukuu alipewa jina la babu, kama ilivyo ada yetu. Yule babu alikuwa mjukuu wa Bi Mize.

"Penseli," alisema Maalim. "Tena mkono wa shoga wa Riziki. Umekiandika lini, mwaka jana au jana?"

Ikafika Ijumaa, siku ya tatu tangu hapo. Riziki alikwisha kufunga godoro lake kwa kamba. Faki alikuwa amesali, na sala haikumtua moyoni. Akasimama mbele ya watu.

"Ni mimi. Wote wawili niliwaona. Nikasema jina limerudiwa, nikamfuta mmoja, na baba wa mjukuu nikambandikia babu awe mzazi wake. Karatasi ya Mwatima ni ya kweli."

"Na siku tatu hizi umenyamaza kwa nini? Uliogopa, au ulimngojea dadako chumba?"

Faki alitaka kujibu kwamba aliogopa tu. Akaona hawezi kuliapia.

"Yote mawili, Maalim. Lipi lilitangulia, Mungu ndiye ajuaye."

Khatibu wawili wakatenganishwa. Asaa akauliza upya kuanzia kwa Bi Mize, na safari hii Riziki akaja, na watu thelathini na wanne pamoja naye. Kamba ya godoro ikafunguliwa.

Pasipo swali la Asaa, kosa lisingeonekana. Pasipo karatasi ya Mwatima, lisingerekebishika. Pasipo ulimi wa Faki, karatasi isingeaminiwa. Lakini pasipo Faki, lisingekuwapo kosa.

Maalim akaweka ufunguo wa chumba cha mbele juu ya mkeka. Watatu wakautazama, kisha wakatazamana, na hakuna aliyenyoosha mkono. Riziki akaambiwa achague yeye, kwa kuwa yeye ndiye aliyekaribia kufutwa. Akasema, "Mimi nitalala nyumba moja na huyo mtakayemweka. Waulizeni wengine."

Basi nakuulizeni nyinyi: tuseme jina lako na la wanao limo orodhani. Ufunguo ungempa nani, ukalala usingizi?