Bibi Kalunde na Fundo la Baraza

Paukwa!

—Pakawa!

Itikieni vizuri. Hadithi hii inapanda juu sana, sitaki mtu abaki chini. Paukwa!

—Pakawa!

Hapo zamani za kale, katika kijiji ambacho jina lake limeliwa na nyuki, waliishi warina asali. Mivule yao ilikuwa mirefu! Ukitaka kuiona ncha ya mmoja, ulilala chali kwanza.

Hawakupanda kwa kuukumbatia mti. Mshale ulipeleka uzi juu ya tawi, uzi ukavuta kamba, kamba ikakazwa. Kisha mpandaji alichukua ugwe, kikamba chembamba, akauzungusha kwenye kamba kubwa, ncha zake akazifunga mshipini. Fundo hilo lilikuwa na tabia ya ajabu. Ukilisukuma bila kuliegemea, linapanda: suru, suru. Ukilikalia, linang'ata: krrr! Nawe unaning'inia kati ya mbingu na mjane wako.

Alikuwapo Bibi Kalunde. Miaka sitini alipanda, miaka sitini alishuka kwa hiari yake. Na kila siku, kila mti, kabla hajapanda, alilikalia fundo lake kwenye kimo cha goti. Akajirusha mara tatu. Akauliza:

"Umenishika?"

Likijibu krrr, anapanda. Likijibu suuu, anaongeza mzunguko, anauliza tena. Kamba kuukuu iliridhika na mizunguko mitatu. Kamba mpya ilitaka mitano. Kamba iliyonyeshewa ilitaka alichotaka Mungu. Kijiji kizima kiliuliza kama yeye.

Sasa, palikuwa na Msimamizi wa Mambo Yote, jina lake Mihambo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu nadhifu, na hilo nalo ni tatizo. Maishani mwake hakuwahi kupanda kitu kirefu kuliko kigoda, lakini kigoda chenyewe kilikuwa cha baraza. Siku moja akaona huyu anazungusha mitatu, yule mitano, yule saba. Akakosa usingizi.

Akaita baraza. Likakaa siku tisa. Siku tano walijadili nani akae wapi. Siku tatu walikula. Siku ya tisa, watu wameshavaa viatu, wakapitisha: mizunguko minne! Wa mitatu ni wazembe, wa mitano ni waoga. Kila ugwe kijijini ukakatwa utoshe minne, usizidi hata ukucha. Na kuuliza fundo kukapigwa marufuku.

"Fundo lililopitishwa na baraza," alisema Mihambo, "haliulizwi."

Bibi Kalunde akainua mkono. "Msimamizi, mwanangu, mvua nayo ilihudhuria kikao?"

"Ilitumiwa taarifa, Bibi."

Ikaja siku ya kuzindua sheria. Kamba mpya ikasokotwa, ikapakwa mafuta ya mkia wa kondoo ing'ae mbele ya wageni. Aliyeteuliwa kupanda ni Masele, mwana wa pekee wa Mihambo, mrina hodari, baba wa mapacha.

Asubuhi ilikuwa ya baridi. Mafuta yameganda, fundo linang'ata. Suru, krrr. Suru, krrr. Masele akafika juu, watu wakapiga vigelegele, Mihambo akatoa hotuba. Hotuba ikakuta jua utosini.

Mafuta yakayeyuka.

Masele akaliacha tawi, akalikalia fundo ashuke. Suuu! Pima mbili chini, mara moja! Akadaka kisiki cha tawi. Akaning'inia kwa mikono, miguu hewani, na chini ni mawe matupu.

"Baba! Minne haishiki! Naomba ruhusa niongeze wa tano!"

Mtu anakaribia kufa, anaomba ruhusa. Ndivyo alivyolelewa.

"Ongeza, mwanangu! Ongeza hata kumi!"

"Ugwe umeisha, Baba! Mliukata!"

Kila mrina akautazama ugwe wake: nao ulikuwa wa minne.

Bibi Kalunde akafungua kilemba chake. Kilikuwa ugwe, mrefu, mzima. Akafungua mshipi wake. Nao ulikuwa ugwe.

"Bibi," akanong'ona karani wa baraza, "si tuliagiza kila ugwe ukabidhiwe, ukatwe?"

"Mliagiza kamba. Haya ni mavazi."

Akaubana ugwe mmoja menoni, wa pili akauzungusha kwenye kamba, ncha zake akazifunga kiunoni. Mizunguko mitano. Akalikalia fundo kwenye kimo cha goti.

"Bibi, usiulize!" Mihambo akalia. "Panda! Mikono yake inachoka!"

"Mwanao ana haraka. Kamba haina." Akajirusha. "Umenishika?"

Suuu.

Sita. "Umenishika?"

Suuu.

Mihambo akafunika uso.

Saba. "Umenishika?"

Krrr.

Akapanda. Suru, krrr. Suru, krrr. Mgongo ule uliopinda kwenye kuni na maji, juu ya kamba ulinyooka. Nusu ya njia, pale jua lilipochoma zaidi, akasimama akaongeza wa nane, akauliza tena. Akawa mdogo kama kunguru. Akawa mdogo kama nyuki. Akafika.

Akautoa ugwe wa menoni, akamzungushia Masele kwenye kamba mizunguko minane, akaukaza mshipini mwake.

"Uliza."

"Bibi, mikono imekufa. Nishushe tu."

"Uliza, mjukuu wangu. Kwanza uzito kidogo, kisha wote."

Kutoka juu kule ikashuka sauti nyembamba, yenye machozi: "Umenishika?"

Krrr.

Kijiji kizima kilisikia. Wazee walivua kofia, na hakuna aliyewaambia wavue.

Wakashuka taratibu, Bibi akitangulia. Miguu ya Masele ikagusa ardhi. Mihambo akamkumbatia, akakosa hotuba. Kisha akamgeukia Bibi Kalunde.

"Bibi, tunaitengua sheria leo hii. Tupitishe mingapi? Minane?"

"Leo ilikuwa minane."

"Na kesho?"

"Kesho sijui."

Baraza likatazamana. Neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa mbele yao.

"Miaka sitini mtini," akasema Mihambo polepole, "na hujui?"

"Ndiyo maana imefika sitini, mwanangu."

Basi, wasikilizaji wangu: anayejua jana ni hodari wa jana. Mwenye hekima huiuliza leo, kila leo.

Hadithi yangu imepanda, imeshuka, imekanyaga chini. Imeishia hapo.